Vivutio visivyosemwa: tubaki Nakuru, twende Kisumu au Kakamega?

Section58

Habari za jioni, wanajamvi. Binamu yangu na mkewe wanakuja kutoka Mombasa mwezi wa nane, na kazi ya kupanga matembezi nimepewa mimi. Mbuga ya Ziwa Nakuru walishaingia, Naivasha walishafika. Safari hii wanataka mahali ambapo ukimtajia mtu jina, anakuuliza, "Hapo ni wapi?"

Tuna siku nne. Gari hatuna, ni matatu, boda na miguu yetu, na kutembea hakutusumbui. Nimechuja nikabaki na njia tatu. Ya kwanza ni kutulia hapa hapa Nakuru: Menengai, Hyrax Hill na kasri la mlowezi Lord Egerton kule Njoro. Ya pili ni Kisumu: Kit Mikayi, Simbi Nyaima na, tukiweza, kuta za Thimlich Ohinga. Ya tatu ni Kakamega: msitu, jiwe linalolia pale Ilesi, na fahali ikiwa watapiganishwa wiki hiyo.

Binamu ni mtu wa maswali. Nani alijenga, kwa nini, walikula nini, siku hizi nani anapatunza. Ni wapi atajibiwa, badala ya kusimama mbele ya kibao dakika tano na kurudi steji?

MwalimuHistoria

Kama ni maswali, mpeleke Thimlich Ohinga, hayo mengine yasubiri.

Iko Kaunti ya Migori, na tangu 2018 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Pamoja na sifa hiyo, unaweza kukaa humo asubuhi nzima usikutane na mgeni mwingine. Ni maboma ya mawe ambayo wataalamu wanakadiria yalijengwa karne ya 16. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna hata udongo wa kushikiza. Mafundi walipanga mawe upande wa nje na upande wa ndani, kisha katikati wakajaza mawe madogo yanayozishika pande zote mbili. Kimo cha kuta ni kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene ni mita moja hadi tatu. Mwambie binamu asogee karibu kabisa na ukuta aangalie jiwe moja moja. Hayakuchongwa yalingane. Fundi aligeuza jiwe mkononi mpaka likapata mahali pake, na hapo limekaa hadi leo.

Milango ni midogo kwa makusudi. Lazima uiname, na mtu aliyeinama anatanguliza kichwa, mkuki hawezi kuurusha. Ndani utaonyeshwa zilipokuwa nyumba na mazizi, na sehemu walipofua chuma. Tena maboma hayo hayakukaliwa na watu wa kabila moja tu. Jamii zilipokezana kwa miaka mingi, na kila waliohamia walikarabati kuta walizozikuta. Vitabu vya shule vimetuzoesha kuona kila kabila likikaa kivyake dhidi ya jirani yake. Pale utaona ukuta mmoja uliotunzwa kwa zamu na watu wa lugha mbalimbali. Kwangu mimi hakuna somo la historia ya Nyanza lililo bora kuliko hilo.

DerevaKericho

Mwalimu, sifa za Thimlich nazikubali zote, lakini tumwangalie mwenye safari. Hana gari. Kutoka Kisumu atakwenda Homa Bay, halafu Rodi Kopany, halafu aanze kuungaunga matatu na boda mpaka afike. Mvua ikinyesha, boda ya huko mwisho inakuwa shughuli. Ili aone vizuri lazima alale Homa Bay au Migori. Hapo siku mbili kati ya nne zimekwenda kwa mahali pamoja. Kama yuko tayari kwa hilo, sawa. Kama anataka Kisumu na Thimlich na Simbi Nyaima ndani ya siku nne, atakumbuka viti vya matatu tu.

Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho weka saa nne hadi tano, ukihesabu na kusubiri gari lijae.

NyarSeme

Section58, karibu kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Seme, kwa hiyo nazungumzia Kit Mikayi, na nitasema na yale wageni wengi hawaambiwi.

Kufika ni rahisi. Pale Kisumu panda matatu ya kwenda Bondo, mwambie makanga akushushe Kit Mikayi, kisha unatembea kidogo kutoka barabarani. Mawe yanaonekana mapema: makubwa ajabu, yamebebana hadi kufikia kama mita 40 kwenda juu. Hadithi ya mzee Ngeso utasimuliwa pale pale. Alilipenda lile jiwe mno, anaamka anakwenda kukaa pangoni kutwa, chakula anapelekewa huko huko. Watu wakimuulizia nyumbani, mkewe anajibu kwamba mzee ameenda kwa mke wake wa kwanza. Kina mama wa pale wana kikundi, watawaimbia na kuwachezea. Imbeni nao, na muwape chochote, kwa sababu ndio wanaopatunza.

Sasa sikilizeni vizuri. Pale ni mahali pa ibada, tena ibada inayoendelea leo. Kuna waumini, wengi wao wa kanisa la Legio Maria, wanaokuja kufunga na kuomba, na wengine hulala kule siku kadhaa. Kuna upenyo kati ya mawe ambapo mnapita ubavu ubavu, mgongo umegusa jiwe moja na kifua kingine. Ukishapita, angalia chini: nta ya mishumaa imedondoka tabaka juu ya tabaka mwambani, na chupa za maji zimepangwa zikisubiri kuombewa. Ukimkuta mama amepiga magoti, usimpige picha. Shusha sauti, mpishe, uendelee. Mwongozaji akikwambia vua viatu, vua. Watu wanafika pale na misiba yao, na magonjwa ya watoto wao, na mimi huumia sana nikiona mgeni amepanda juu ya mwamba anapiga kelele ili arekodiwe.

Binamu yako akiweza kuketi na mmoja wa wazee na kumuuliza kwa upole, atajibiwa maswali yake yote na zaidi.

Section58

Ahsante sana dada. Hilo la picha nitawaambia kabla hatujatoka nyumbani. Swali: Simbi Nyaima inafaa siku moja na Kit Mikayi?

NyarSeme

Kwa gari lako, ndiyo. Kwa matatu, gawa siku mbili, maana ziko pande tofauti za Kisumu. Simbi Nyaima iko karibu na Kendu Bay. Unapita Ahero na Katito, ukifika Kendu Bay unachukua boda. Ni ziwa dogo la duara kwenye shimo la volkano. Maji ni ya kijani na ya magadi, samaki hamna, na mara nyingine heroe wanakuja kwa wingi, mara nyingine huwakuti kabisa. Bibi mmoja mkongwe alikwenda pale kijijini watu wakiwa kwenye sherehe. Akaomba hifadhi, wakamfukuza. Mama mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, na usiku akaambiwa achukue watu wake waondoke. Mvua ilinyesha kijiji kizima kikazama. Watoto wa Karachuonyo wanakua na hadithi hii, na utaona mtu mzima akiisimulia huku anakuonyesha kwa kidole sherehe ilipokuwa.

Zungukeni ukingo wote kwa miguu. Ni matembezi mazuri sana ya asubuhi.

ShinyaluDamu

Naona Kakamega imewekwa ya mwisho kwenye orodha. Acha niitetee.

Kwanza msitu. Huu ndio mabaki pekee nchini ya msitu wa mvua wa namna ile inayoanzia Kongo. Miti, ndege, vipepeo na nyoka wengi waliomo ni wa Afrika ya Kati, huwapati Mau wala Aberdare. Ndege wamehesabiwa zaidi ya aina 350. Mbega wapo wengi, na yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi utamsikia kabla hujamwona, kwa sababu anatua kwenye tawi kwa kishindo. Mna milango miwili. Buyangu upande wa kaskazini ni wa KWS, shirika la wanyamapori, mnalipia kwa eCitizen. Isecheno upande wa kusini ni wa Shirika la Misitu, unafika kwa kupitia Khayega na Shinyalu. Mimi nawashauri Isecheno, kwa sababu ya waongozaji. Ni vijana wa hapa waliojifunza miti na ndege kwa miaka. Mmoja atasimama mbele ya mti wa mutere, abandue kipande kidogo cha gamba, akwambie nyanya yake alilichemsha kwa ugonjwa gani, halafu akutajie na jina la kisayansi. Binamu mwenye maswali amepata mtu wake.

Pili, kilima cha Lirhanda. Amkeni gizani mfike juu kabla ya jua. Ukungu unakuwa umelala juu ya miti yote, unapasuka polepole. Karibu na hapo kuna handaki lililochimbwa na watu waliokuwa wakitafuta dhahabu. Ukiingia na tochi unaona alama za sululu ukutani, na popo wamejaa juu.

Dhahabu yenyewe ni habari ndefu. Mwaka 1931 ilipogunduliwa Kakamega, walowezi walimiminika. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi mpaka 1952, na hadi leo utawakuta wachimbaji wadogo maeneo ya Rosterman na Ikolomani wakiosha mchanga kwenye karai.

MwalimuHistoria

Ongeza na hili, ndugu, maana linahusu ardhi. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahakikishia Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao haitachukuliwa bila kufidiwa ardhi nyingine. Dhahabu ikaonekana Kakamega, na 1932 sheria ikabadilishwa ili wachimbaji waingie. Ahadi haikumaliza hata miaka mitatu. Mtu akisimama kwenye lile handaki la Lirhanda akijua hivyo, halioni tena kama pango la popo.

MamaWawili

Kakamega mwezi wa nane mbebe makoti ya mvua. Asubuhi jua, alasiri inanyesha, karibu kila siku. Handaki la popo mimi singeingia na watoto, lakini ninyi ni watu wazima.

Na jiwe la Ilesi vipi? Sisi tuliliona tukipita garini.

ShinyaluDamu

Mama, nakujibu kwa uwazi: peke yake ni kituo kifupi. Liko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Ni nguzo ndefu ya mwamba yenye jiwe kubwa juu mahali pa kichwa, na maji yanateremka kutoka pale juu yakaacha michirizi usoni mwa jiwe. Unaangalia, unasikia hadithi yake, umemaliza. Ila Ilesi ni mahali pa wafinyanzi. Vyungu vimepangwa barabarani, na ukiomba kwa adabu utaonyeshwa mama anavyouinua udongo kwa mkono bila gurudumu. Hapo kaeni. Nunueni hata kijungu kimoja.

Kuhusu fahali: Wa-Isukha na Wa-Idakho wanapiganisha fahali kwa fahali. Hakuna mtu anayemchoma mnyama mkuki, na anayeshindwa anageuka anakimbia, mchezo umeisha. Huanza mapema asubuhi. Mwenye fahali anasindikizwa na ngoma za isukuti, ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Ratiba ulizeni Khayega au Shinyalu mkishafika. Simameni mahali penye nafasi ya kukimbilia. Fahali akishindwa hachagui njia.

JiraniMenengai

Wenzangu, mbona Nakuru imesahaulika na mwenye swali anaishi hapa?

Menengai ni kreta ya kama kilomita 12 kwa 8, ni miongoni mwa kubwa zaidi Afrika, na kileleni ni mita 2,278. Wakazi wengi wa mji huu wanaiona kila siku kutoka madirishani na hawajawahi kupanda. Wanaofika juu wanapiga picha kwenye kile kibao chenye mishale ya miji ya dunia, wanashuka. Mambo yako chini. Sakafu nzima ni lava nyeusi iliyoganda, na kati ya lava kuna msitu, na mvuke unatoka ardhini. Wazee wa Kimaasai wanasimulia kuhusu vita vya karne ya 19 kati ya koo zao, ambapo wapiganaji wa Laikipiak walirushwa kutoka kwenye zile kingo. Mvuke ule watu walisema ni roho zao zinazotafuta njia. Leo mvuke huo huo unachimbwa kwa ajili ya umeme, na mtambo wa kwanza, wa megawati 35, ulianza kazi 2023. Kuna pia mapango ambamo watu huenda kufunga na kuomba, jambo ambalo NyarSeme atalielewa.

Nasisitiza: msiteremke wenyewe. Ndani mle lava yote inafanana, na watu wamepotea. Chukueni mwongozaji anayejulikana pale langoni, maji ya kutosha, na muanze saa moja asubuhi. Saa sita mwamba unawaka.

MamaWawili

Na mimi nasimama na Hyrax Hill. Tunaipita kila siku kwenye barabara ya Nairobi, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, na matatu zinakimbia utadhani hakuna kitu.

Mwanaakiolojia Louis Leakey alipatambua mwaka 1926, na mkewe Mary Leakey ndiye aliyechimba kuanzia 1937. Walikuta makaburi, vyombo vya udongo, na yale mashimo makubwa ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, ambayo yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyozama ardhini, nyumba ikiwa imeshikana na zizi. Makumbusho ni kanyumba kadogo kaliyofunguliwa 1965, mtu mmoja anakuzungusha na hana haraka. Watoto wangu walichopenda ni bao. Kuna mwamba umechongwa mashimo ya bao, safu kwa safu, mengine yamelainika kwa kuchezewa. Mwanangu mdogo alichuchumaa pale akahesabu vishimo, halafu akauliza nani alishinda. Hakuna aliyeweza kumjibu, lakini tumelijadili mpaka nyumbani.

Halafu pandeni juu. Mnaliona ziwa. Miaka kama elfu tisa iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, Ziwa Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja na maji yalifika mpaka kwenye kilima hiki. Sisi tulioona ziwa likipanda miaka hii, likimeza lile lango la zamani la mbuga na mashamba ya watu, pale ndipo mahali pa kuelewa kwamba ziwa hili lina tabia hiyo tangu zamani.

Section58

Hii ya ziwa sikuwa naijua. Na kasri la Egerton?

JiraniMenengai

Ni zuri. Vyumba 52, ujenzi ulianza 1938 ukaisha 1954, na mwenyewe Maurice Egerton akafariki 1958. Wanaotembeza wageni watawasimulia kuhusu mwanamke aliyekataa kuolewa naye kwa sababu nyumba ya kwanza ilikuwa ndogo, na kwamba baada ya hapo hakutaka mwanamke akanyage kwake. Waliooana karibuni wanapapenda kwa picha. Mkewe binamu atafurahi.

MwalimuHistoria

Ningependa wanaotembeza wageni waache kidogo habari za mapenzi waseme habari za shamba. Mtu mmoja aliwezaje kuwa na ekari zote zile, nani alivunja mawe, nani alipika, waliishi wapi. Chuo cha Egerton kilianza 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa kizungu, na leo ndicho kinachomiliki kasri. Hiyo ni safari kubwa kuliko moyo wa mtu mmoja uliovunjika. Nendeni, ila ulizeni maswali hayo kwa sauti.

MamaWawili

Mwalimu, nakubali kuhusu shamba, lakini usiwanyime watu hadithi. Wengi wanaingia kwa sababu ya ile hadithi, na wakishaingia ndipo wanaanza kuuliza habari za waliojenga. Mimi ningependa zote mbili zisimuliwe chumba kwa chumba.

Kama watatoka upande wa Gilgil, kuna Kariandusi pia, karibu na Elmenteita. Leakey alipatambua 1928. Shoka za mkono za mawe zimeachwa pale pale zilipofukuliwa, nyingi ajabu, zingine za obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano lenye makali. Pembeni kuna machimbo ya mwamba mweupe wa daiatomaiti, ambao ni mabaki ya vijimea vidogo mno vilivyokufa kwenye ziwa la kale. Gusa mkono, unatoka mweupe kama umeshika unga.

MwanaKisii

Naingilia na pendekezo ambalo halimo. Mkifika Kisii, nendeni Tabaka.

Vinyago vingi vya jiwe laini unavyoviona madukani Nairobi na Mombasa vimetoka huko. Hakuna jengo la makumbusho wala lango. Mnatembea kijijini, mnasikia panga na patasi kila boma. Kazi imegawanywa. Wanaume mara nyingi ndio wanaochimba na kuchonga, halafu kazi inakwenda kwa kina mama, wamekaa na beseni la maji, wanasugua kwa msasa mkavu kisha wa maji, mpaka jiwe lililokuwa la vumbi linatoa mishipa yake ya waridi na kahawia. Nimekulia kwenye kazi hiyo. Vidole vya mama vinalainika mpaka alama zinafutika. Kinyago hicho akikiuza kwa mtu wa kati anapata kidogo sana, kwa hiyo mkinunua pale pale mikononi mwake mmemsaidia kweli. Tafadhali msimpunguzie bei mpaka mwisho.

MbitaPoint

Na kisiwa cha Mfangano? Kuna michoro ya miamba ya kale, miviringo ndani ya miviringo, myekundu na myeupe, inayohusishwa na Watwa, wawindaji waliokuwa huku kabla yetu. Wazee waliihusisha na mvua, na ndiyo maana ilisalia bila kufutwa. Kuna makumbusho ya jamii ya Abasuba pia. Njiani mnapita Rusinga, alikozikwa Tom Mboya.

Boti zinatoka Mbita. Vukeni asubuhi, upepo wa alasiri unachafua ziwa. Na kama nahodha hana jaketi za kuokolea za kuwatosha wote, subirini boti nyingine, hata mkikawia.

DerevaKericho

Mfangano ni pazuri, ila ni kama Thimlich: siku mbili. Na kabla mtu hajataja mapango ya Kitum kule Mlima Elgon, ambako ndovu huingia gizani kukwangua chumvi ukutani, huko ni Trans Nzoia, safari nyingine kabisa.

MamaWawili

Na Kitum watu wakumbuke kwamba wagonjwa wawili wa Marburg, mmoja 1980 na mwingine 1987, walikuwa wametembelea lile pango kabla ya kuugua. Popo si wa kushikwa. Hili linahusu na handaki la Lirhanda: angalieni mlangoni, msiguse kitu, msikae.

ShinyaluDamu

Kweli, mama. Waongozaji wetu siku hizi hawawaachi watu wakae mle. Ukiangalia zile alama za sululu karibu na mlango umeona cha kuona.

Section58

Nimekaa na haya yote na nimempigia binamu. Thimlich na Mfangano ameziomba ziwe za safari yake peke yake, maana hataki kuzikimbilia. Hyrax Hill na Menengai tutafanya siku watakayofika, kabla siku nne hazijaanza kuhesabiwa, maana ni hapa nyumbani. Kasri tutaona kama muda utabaki.

Siku ya kwanza tunakwenda Kakamega moja kwa moja, tunalala upande wa Isecheno. Ya pili Lirhanda alfajiri, msitu na mwongozaji mpaka saa sita, halafu tunashuka, tunasimama Ilesi kwa wafinyanzi, tunalala Kisumu. Ya tatu nzima ni ya Kit Mikayi, na jioni samaki ufukweni Dunga. Ya nne Simbi Nyaima asubuhi, turudi Kisumu, tupande gari la Nakuru. Tabaka imebidi niiache na imeniuma, MwanaKisii.

Mnaionaje?

NyarSeme

Kit Mikayi siku nzima! Hapo umenifurahisha. Pale Dunga fikeni saa kumi, mtembee kwanza kwenye mafunjo kabla ya kula. Kuna ndege ambao hawaishi popote ila kwenye mafunjo.

MwalimuHistoria

Na pale Kisumu, mkipata saa moja, ingieni makumbusho ya mji. Kuna boma zima la Kiluo limejengwa ndani, nyumba ya mke wa kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja mahali pake. Mkiliona kabla ya Kit Mikayi, hadithi ya Ngeso na mkewe itawaingia vizuri zaidi.

DerevaKericho

Mpango ni mzuri, ila siku ya nne msirudi Kisumu. Hapo mnarudi nyuma bure. Ondokeni Kisumu asubuhi na mizigo yenu yote, muiache kwa mwenye hoteli yoyote ndogo Kendu Bay mkienda ziwani. Mkimaliza, pandeni gari mpaka Katito, pale mchukue la Sondu, kutoka Sondu kuna magari ya Kericho, na Kericho hamkosi la Nakuru mpaka usiku. Mkiwa Sondu kabla ya saa nane mchana, mtafika nyumbani bila kukimbizana.